Rolakosta Mliyonipandisha Bila ya Kunambia

Zuwena mwanangu,

Salamu tumeshapeana mlangoni sasa hivi, kavu kama tunavyopeana wiki nzima hii, kwa hivyo sizirudii. Umekwenda kuaga. Uko ndani ya gari na babaako na Bibi, mnazunguka majumba ya watu Muscat nzima, kutoka hapa kwetu Ansab mpaka Mawaleh, kila mlango mnatiliwa kahawa, mnaombewa dua, mnaulizwa huko Ujerumani kuna nini. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimebaki kwa sababu sikuweza tena kukaa juu ya zulia la mtu nikaambiwa "hongera, Rayya" na nikaitikia kama mtu aliyejua.

Khabari za soksi na dawa na bizari sizitaji. Bibi ameshakuhubiria za kutosha, na sanduku nimeliona limefungwa. Mie nna jambo moja tu, nalo ndilo unalolingoja: radhi yangu. Uliniomba Ijumaa jikoni, nikakupa mgongo, nikaendelea kukuna nazi. Ukaniomba tena juzi, nikakujibu, "Kamwombe aliyekupeleka." Kesho ndege. Najua babaako anakwambia, "Mwache apoe, atakupa tu." Mie si chai, Zuwena. Nnaandika ili nijue mwenyewe kama nnakupa au sikupi, na kama nnakupa, iwe kwa moyo, isiwe kwa mdomo.

Mwandiko wangu unaujua. Skuli nimeishia la tisa, na huko tulisoma kwa Kiarabu. Kiswahili hiki nnakiandika kama nnavyokisema. Utanifahamu.

Kwanza nataka ujue nilivyopata khabari, maana hukuwepo. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya vichwa, nnakunja sambusa za watu, kengele ikalia. Bi Shamsa wa nyumba ya pili kasimama na kitu kikubwa cheusi mkononi, nikadhani zulia.

"Rayya, mwambie Zuwena ajaribu. Likimbana mabegani n'tampa la mwanangu."

"La nini hili, Bi Shamsa?"

"La baridi! Au Ujerumani utampeleka na abaya tupu?"

Likanipita hivi, kama mtu anapokosa ngazi gizani. Lakini mdomo wangu ukasema, "Eh, kweli. Mungu akuweke." Nikalipokea. Jaketi la sufi, zito kama mbuzi aliyelowa, na mie mikono ina unga. Naye akanikaribia, akanishika mkono, akasema kwa mapenzi, "Na umejikaza, mashaallah. Mumeo Harith alituomba tusikutajie mpaka mambo yakae sawa. Mie nikamwambia mume wangu, Rayya ana nguvu yule, hawamjui tu."

Nikacheka naye. Nilicheka, Zuwena, nimesimama juani na jaketi la sufi. Nikamwambia, "Nilijua zamani, Bi Shamsa, nilikuwa nnawatazama tu watafika wapi." Halafu nikafunga mlango, nikakaa chini pale pale, nyuma ya mlango, na sambusa zikakauka jikoni.

Jirani kajua. Mume wa jirani kajua. Mimi niliyekuzaa sijajua.

Usiku ule mlikuja wote watatu na nyuso za msiba. Babaako akaanza, "Tulikuwa tunangoja nafasi." Bibi, ambaye ni mama yangu mzazi na sio mama mkwe, hata niseme basi ndiyo kawaida ya mama wakwe, akasema bila ya kuona haya, "Kwani weye ungeambiwa ungefanya nini zaidi ya kulia?" Nawe ukasema, "Mama, ningekwambia visa ikitoka. Isingetoka, ungeumia bure." Mpaka hapo ningevumilia. Lakini nilipouliza unakwenda kusoma nini, ukawatazama wenzako kwanza, halafu ukasema polepole, kama unamtuliza mtoto, "Mambo ya vyuma, Mama. Hutoyafahamu."

Neno hilo ndilo lililofunga mdomo wangu wiki nzima. Mkinificha safari, sawa, watu husafiri. Lakini hutoyafahamu? Ulinifunza mwenyewe! Umesahau foleni ile ya Dubai?

Mie sijasahau. Baridi ya mwaka jana babaako alisema twende Dubai tukanunue mapazia, na weye ukapate kupanda hizo rolakosta, treni za michezo za kupaa na kushuka, unazozitazama kwenye simu usiku na mchana. Nikafurahi kama mwari. Nikakaanga kuku wa njiani, Bibi akaimba tangu Barka mpaka mpakani. Na siku ya pili tukenda mimi nawe kule kwenye michezo, Bibi na babaako wakakaa kivulini na maembe ya vipande, na tukapanga foleni ya ile kubwa ya mbao.

Foleni ilikuwa ndefu, nawe ukanifunza. Ngoja nikurudishie, uone kama nilifahamu au sikufahamu.

Ulinambia reli ya ile ya mbao si chuma kitupu. Ni mbao zimelazwa juu ya mbao, zimebanwa kwa bolti, halafu juu yake umewekwa ukanda wa chuma, bapa, mwembamba, ndipo magurudumu yapite. Na ile ya chuma reli yake ni bomba. Bomba unalikunja kiwandani unavyotaka, unalizungusha, unalipindua kama jalebi, ukaja kuliunga pahala pake vipande kwa vipande. Ndiyo maana ya chuma inaweza kukugeuza kichwa chini miguu juu, na ya mbao mara nyingi hupanda na kushuka na kukata kona tu. Nikakuuliza, "Mabomba kama ya babaako?" maana babaako na kiwanda chake cha Rusayl maisha yake yote ni mabomba. Ukacheka mpaka mwanamke wa mbele akageuka. "Ya Baba ya plastiki, Mama! Ukipanda hayo utafika Rusayl umelala!"

Ukanionesha magurudumu. La juu linabeba. La ubavuni linazuia treni lisiteleze likatoka konani. La chini, ambalo watu hawalioni, linashika reli kwa chini, treni lisije likaruka likaenda zake. Ya zile za mbao mengi ni chuma juu ya chuma, ndiyo kelele yote ile. Ya zile za chuma yamevishwa kitu kama mpira mgumu, ndiyo maana hazingurumi.

Nikatazama juu nikaona nguzo zile zinayumba, wallahi zinayumba kwa macho, nikakukamata mkono. "Zuwena, hii inaanguka!" Ukanijibu, "Lazima iyumbe, Mama. Imejengwa iyumbe. Ingekazwa isitikisike ndiyo ingevunjika." Ukanambia mbao zina mwili kama sisi: asubuhi ya baridi treni linakwenda kivivu, jua likishika na grisi ikilainika linakimbia, unyevu ukiingia mbao zinavimba, na kila alfajiri mafundi seremala wanaipita yote kwa miguu, ubao uliolegea wanautoa wanatia mwengine. Ya chuma nayo inapitiwa, ukasema, lakini ufa wa chuma unaweza kuanzia ndani, jicho lisiuone, na mkono ukipapasa ukute laini. Inataka chombo cha kuupeleka mlio ndani ya chuma kikasikiliza unavyorudi. Na ukasema, nnakumbuka ulikuwa umeshika chuma cha foleni, ukikipapasa: "Kazi hiyo ndiyo nnayoitaka mimi. Kusikiliza nyufa."

Nikakwambia, "Inshaallah, mwanangu," kama tunavyowaambia watoto. Sasa nnajiuliza. Pengine pale ulikuwa unanambia. Pengine ulitupa jiwe kisimani uone lina kina gani, na mie nikajibu inshaallah, ukadhani kisima kikavu. Nnakuachia hilo. Lakini ungelitupa tena, mama. Mtu hutupa tena.

Basi tukapanda. Ilipopandishwa ule mlima ililia kila hatua, tak tak tak, ikawa inatwambia: mnakwenda, mnakwenda, jishikeni. Ikatumwaga. Shela ikaniingia mdomoni, kiuno kikagonga ukuta wa kiti, nikapiga kelele nikamtaja kila maiti wa ukoo wetu, na weye pembeni yangu unacheka huku machozi yanakutoka kwa upepo. Nikashuka na jeraha la buluu kiunoni, nikakaa nalo mpaka Muscat, na kila nikilibonyeza nnacheka. Lilikuwa jeraha la haki. Nilijua nimelipata wapi.

Halafu ukasema, "Sasa ya chuma." Ile haikuwa na mlima hata. Tulikaa, wakatushushia vyuma vya mabegani, sakafu ikaondoka chini ya miguu, nikabaki nnaning'inia kama nguo. Kimya. Nilikuwa nakuuliza jambo, sijui kama Bibi kapewa maji, sijamaliza sentensi, ikaturusha. Hakuna tak, hakuna ishara. Nikajikuta mbingu iko chini na mchanga uko juu, na mwili haukutikisika, laini kama siagi. Imekwisha, tumerudi pale pale, nimekaa vile vile, shela yangu haijasogea. Ukaniuliza, "Haikuuma, sivyo?" Kweli haikuuma, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimepinduliwa na sina pahala pa kuweka kidole nikasema, hapa.

Ukasema zipo na za namna ya tatu, miguu ya mbao na reli ya chuma juu yake. Hiyo sijaipanda, siwezi kuisemea.

Na sasa ndio nimejua kwamba kesho yake, nilipokuwa na Bibi dukani tunapima mapazia, weye na babaako hamkwenda kutengeneza kioo cha simu. Mlikwenda kwenye mtihani wako wa Kijerumani. Safari nzima ilikuwa ya mtihani. Mapazia yalikuwa yangu, nikae kimya. Ninayatazama hapa, yananing'inia. Mazuri, wallahi. Ndiyo dhiki yenyewe: kila mtu alikuwa mpole kwangu. Babaako hakunipigia kelele hata siku moja. Bibi alinichagulia rangi. Weye ulinishika mkono. Mmenipindua kichwa chini kwa ulaini ule ule, na sina jeraha la kumuonesha mtu. Nikimwambia Bi Shamsa wamenionea, ataniuliza, wamekufanyaje? Nitasema nini? Walininunulia mapazia?

Nimekaa wiki nzima nnairejea safari ile kama mtu anayechambua mchele. Kuku alikuwa wa kweli? Nyimbo za Bibi zilikuwa za kweli? Kicheko chako kwenye mbao? Hicho nimekichambua mara nyingi kuliko vyote. Nimeamua kilikuwa cha kweli. Hakuna awezaye kuigiza pale, na shela ya mamaake inampiga usoni.

Juzi tulipogombana ulinijibu neno, na neno lenyewe lilikuwa na haki yake. Nilikwambia, "Mtu anamfichaje mamaake?" Ukasema, "Nilifunzwa hapa hapa, Mama. Mlinificha Babu."

Ni kweli. Babu alikufia Unguja nawe uko katikati ya mitihani yako, na nikaamua usijue mpaka umalize. Nilikuwa nnakwenda kulia kwa Khalti, nduguye Bibi, nikirudi nnanawa uso ndani ya gari, nnaingia nakukaangia mayai. Nawe unaniuliza, "Babu hajambo leo?" nakwambia, "Yuko vile vile." Nilijiona mama hodari. Ulinambia juzi, na sauti yako haikupanda hata kidogo: "Nilikuwa nikimwombea apone, na mwenyewe yuko kaburini. Dua zangu zile zilikwenda wapi?"

Sijui zilikwenda wapi, mwanangu. Mungu hapotezi kitu. Lakini nimefahamu kwamba nilikuibia. Nilikuibia siku zako za kumlilia, nikakupa alama nzuri badala yake, na wala hukuniomba nibadilishe. Sisi tunafanya hivi. Mgonjwa haambiwi ana nini. Msafiri haambiwi nani kafa mpaka afike, avuliwe viatu, anyweshwe maji. Tunaita huruma, na huruma imo, nnaijua, nimeipika mwenyewe. Lakini aliyefichwa anakuja kusimama siku moja mbele ya watu wote wanaojua, anawatazama nyuso zao moja moja, na anaona kwamba walikuwa wamekaa kikao juu yake, wakamkatia hukumu: huyu hawezi.

Nami nilifichwa kabla yako. Nilijua naolewa nilipomuona mwanamke wa kupaka hina anashuka garini. Nilikuwa nimerudi skuli, begi mgongoni, nikamuuliza Bibi, "Nani anaolewa?" akasema, "Kaoge kwanza." Nilioga, Zuwena. Nilioga na nikajisugua vizuri, nikidhani ni harusi ya binamu yangu. Nilikuwa na mtihani wa hesabu Jumamosi ile, nilikuwa nimeuhifadhi wote, na mpaka leo nnajua ningeupasi. Miaka baadae nikamuuliza Bibi, "Kwa nini hukunambia?" akasema, "Ningekwambia ungekubali?" Bibi anadhani hilo ni jawabu.

Usije ukafikiri nnajuta kwa babaako. Si mtu mbaya. Alinikuta nnalia usiku wa kwanza akakaa mlangoni mpaka asubuhi, hakunisogelea, akanipigia hadithi za mabomba mpaka nikalala. Na baada ya mwaka nikakupata weye, nami mwenyewe bado mtoto, tukakua pamoja, wanatuita madada sokoni. Lakini ningeulizwa, pengine ningekubali. Hilo ndilo Bibi hajui na hatolijua: hakunipa nafasi ya kukubali. Kila siku nnayokaa na babaako kwa furaha, nnakaa kama mtu aliyepewa, si kama aliyechagua.

Ndio maana weye sikukuozesha. Walikuja watu, unajua walikuja, nikawaambia huyu anasoma. Nilisema siku atakayotoka nyumba hii atatoka anajua anakwenda wapi, na mie n'tajua, na tutakaa jikoni tulie vizuri mimi na yeye mwezi mzima kabla. Mwezi wangu huo mmenilia.

Sasa nikwambie amri hii ya kunificha ilianzia wapi, maana naona hata weye umeirithi bila ya kuijua. Ulipokuwa mdogo nilibeba mimba mbili zikatoka. Ya pili ilitoka siku tuliyoletewa khabari kwamba mjombaako kapinduka na gari njia ya Nizwa. Mjomba alipona, yuko, anakula kuliko sote. Lakini daktari alimwambia babaako, "Asishtuliwe." Alikuwa na maana ya siku zile. Hakuna aliyekuja kuiondoa amri ile. Daktari kahama, hospitali imevunjwa ikajengwa nyengine, na mie bado nashushiwa sauti nikiingia sebuleni. Rayya asishtuliwe. Mtu amegonga gari, Rayya asiambiwe. Mshahara umechelewa, Rayya asiambiwe. Mwanawe anahama nchi, Rayya mnunulieni mapazia.

Na mie niliachia. Kosa langu liko hapo, silikwepi. Ilikuwa raha, kidogo. Mtu anayelindwa hachukui mzigo. Nikiona wamenyamaza ghafla, nami nnajifanya sikuona, nakwenda kutazama sufuria. Nilikaa kwenye kiti laini nikasema haya, nifungeni. Sasa imenirusha, nnalaumu vyuma.

Jana, ulipokuwa umelala, nilitazama kwenye simu yangu hizo kazi za kusikiliza nyufa. Nikamuona msichana mmoja kavaa kofia ya kazi, kapanda juu kabisa ya reli, kafungwa kamba, kaweka chombo chake juu ya bomba kainamisha kichwa. Nilimtazama mpaka mwisho, nikarudia. Niliogopa. Halafu nikaona anavyoinamisha kichwa, na hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiinamisha ulipokuwa mdogo, unaweka sikio kwenye tumbo la jokofu unaniuliza nani yumo ndani. Nikasema basi, huyu hakubadilika. Mimi tu sikuambiwa.

Sitaki uache chuma, mwanangu. Usidhani. Ya mbao ni ya kwangu mie, mtu wa kelele. Weye nenda kazijenge za chuma, zigeuze watu wapendavyo. Lakini huko utakokwenda, kwangu usiwe wa chuma. Ukiumwa, nambie unaumwa, usinitumie picha unacheka kwenye theluji. Ukifeli, nambie nimefeli, na mie nitapiga kelele, ndiyo, nitamtaja kila maiti, halafu nitanyamaza tutaongea. Ukimpenda mtu, nisijue kwa Bi Shamsa. Na siku ukilia peke yako kwenye chumba cha watu, nipigie unilie sikioni. Nina sikio. Sikulisomea, lakini ninalo. Wacha niyumbe. Nimejengwa niyumbe. Mkinikaza ndio mtanivunja.

Basi, Zuwena. Nimeandika mpaka mkono umechoka, na jawabu nimelipata, sikulitafuta kwa hasira tena. Bado nimeumia. Nitakuwa nimeumia kesho uwanjani, na pengine Ramadhani, na utaniona usoni, sitakuficha. Lakini kuumia ni kwangu na radhi ni yako. Radhi nimekupa. Nimekupa radhi ya maziwa na ya mimba na ya kukesha, dunia na akhera, na huku nnaandika nimelisema kwa sauti, peke yangu, nyumba nzima ikasikia. Sina sharti nyuma yake. Nenda.

Nimekupa kwanza hilo, kwa makusudi, kabla ya hili nnalokwambia sasa.

Nna mimba.

Hakuna anayejua. Babaako hajui, Bibi hajui. Nilinunua kipimo mwenyewe nikapima mwenyewe, kabla ya khabari zenu kunifika. Nilikuwa nimejiwekea ni siri yangu mpaka itulie, kama desturi yetu, na nilipojua safari yako nikaongeza, weye usiambiwe kabisa mpaka ufike Ujerumani uzoee, usije ukasema hendi mtu, nnabaki na Mama. Nilikuwa nimeshalipanga vizuri. Nilikuwa nimeshachagua na maneno ya kukwambia kwenye simu baada ya miezi. Laini kabisa.

Halafu nikajisikia mwenyewe, nnasema kama nyinyi.

Kwa hivyo weye ndiye wa kwanza. Khabari yenu ilinikuta nimebeba, Zuwena, na ilinishtua kuliko gari la mjombaako, na sikuanguka, na bado nimebeba. Babaako nitamwambia kesho tukirudi uwanjani, na hiyo amri ya daktari tutaizika siku hiyo hiyo. Khofu nnayo. Mbili zimetoka, na hii inaweza kutoka nawe uko mbali, na ikitoka nitakwambia siku hiyo hiyo, hata uwe na mtihani. Na ikikaa, utakuwa na ndugu, na atakujua kwa simu kwanza, na atakuzoea.

Kama utaamua kubaki, utabaki kwa kuamua, na radhi yako iko pale pale. Kama utakwenda, utakwenda unajua unaacha nini. Mie natamani uende. Lakini sikukatii shauri.

Barua hii siitii ndani ya sanduku uje uikute huko peke yako. Ukiingia tu nakupa mkononi, mbele ya babaako na Bibi, uisome hapa nimekaa mbele yako. Ukimaliza usinigeuzie uso kwanza ukaupange. Nautaka vile utakavyokuwa.

Mamaako,
Rayya